Kuacha Kazi Juu ya Wale Waliouzwa: Mukate Tunaotoa ni wa Nani?



Kuna ulizo linalorudi mara kwa mara katika mikutano yetu ya vijana na ya wamama, na wazee wanalijibu kwa njia mbili zinazopigana. Ulizo lenyewe ni hili: mutu mwenye kazi nzuri, tuseme mwalimu, muganga, muhasibu wa banki ao mutumishi wa leta mwenye namba yake ya matrikile, akisikia moyoni kwamba Mungu anamuita kwenda kuwasaidia watu waliouzwa na kurudi, je, inafaa aache ile kazi? Wazee wamoja wanasema: aache leo, asigeuke kutazama nyuma. Wengine wanasema: huyo amechoka tu na mukubwa wake wa kazi, sasa anatafuta jina kanisani. Sisi tunaona pande zote mbili zinajibu mbio sana. Mbele ya kujibu inafaa kujua mutu aliyeuzwa ni nani, anahitaji nini, na tena ile kazi tunayotaka iachwe, matunda yake ni mali ya nani.

Wengi wetu tukisikia maneno «biashara ya watu» tunawaza misafara ya zamani, wakati wa Tippo Tip, watu wakifungwa shingo kwa shingo toka Nyangwe na Kasongo kuelekea Tanganyika na pwani. Babu zetu walituachia masimulizi hayo, na ni ya kweli. Lakini biashara ya leo mara nyingi haina munyororo. Ina paspoti. Ina tiketi ya ndege. Ina shangazi ao jirani anayejua mutu fulani mwenye ajansi. Musichana anamaliza masomo ya sekondari, kazi hakuna, anaambiwa kuna kazi ya duka ao ya hoteli huko kwa Waarabu, na mushahara ni dolari. Jamaa inauza ngombe ao inakopa juu ya kulipa safari. Akifika, paspoti inachukuliwa, telefoni inachukuliwa, na kazi si ya duka: ni ya nyumba, toka alfajiri mupaka katikati ya usiku, bila siku ya kupumuzika. Katika inchi nyingi za Ghuba kuna desturi inayoitwa kafala: ruhusa ya mugeni kukaa katika inchi imefungwa pamoja na bwana wake wa kazi. Akikimbia nyumba ile, yeye ndiye anakuwa mwenye kosa mbele ya polisi. Wasichana wa Burundi, wa Uganda, wa Kenya, na wa kwetu pia, wamepita njia hiyo.

Mwaka 2000 Umoja wa Mataifa ulikubali mapatano yanayoitwa ya Palermo, na ndani yake biashara ya watu inaelezwa kwa mambo matatu. Kuna tendo: kumutafuta mutu, kumusafirisha, kumuficha, kumupokea. Kuna njia: nguvu, udanganyifu, ao kutumia uzaifu wake. Na kuna kusudi, ni kusema kumutumikisha kwa faida ya mwingine. Kwa mutoto asiyefikisha miaka 18, njia haiulizwi. Hata kama alicheka wakati wa kupanda gari, tendo na kusudi vinatosha. Inchi yetu nayo ilitia sheria yake juu ya jambo hilo Desemba 2022. Shirika la Kazi la Kimataifa pamoja na wenzake walihesabu kwamba mwaka 2021 watu milioni 50 duniani walikuwa katika utumwa wa siku hizi: milioni 27,6 katika kazi ya kulazimishwa, na milioni 22 katika ndoa za kulazimishwa.

Hapa tuongeze neno ambalo halitamufurahisha kila mutu. Katika nyumba nyingi za muji kuna mutoto aliyeletwa toka kijijini. Siku alipochukuliwa wazazi wake waliambiwa atasoma. Hasomi. Anateka maji, anabeba mutoto wa mwenye nyumba, anauza mandazi barabarani, analala jikoni, na feza zinaingia kwa mwingine. Tunamuita «mutoto wetu». Tuchukue yale mambo ya Palermo tuyaweke juu yake, kisha tuone. Mutu anayetaka kuacha kazi yake ya banki juu ya wasichana wa Oman, aanze kwa kupita jikoni kwake.

Turudi kwa ulizo letu. Maandiko hayana jibu moja juu ya kuacha ao kubaki. Musa alikuwa na nafasi katika nyumba ya Farao, na aliiacha. Lakini Esta alikuwa katika nyumba ya mufalme wa Persia, na Mordekai hakumuambia atoke; alimuambia kinyume, kwamba labda alifika katika ufalme juu ya saa kama ile (Esta 4:14). Kama Esta angetoka siku ile, akavaa gunia, akakaa mulangoni pamoja na Mordekai, watu wangemusifu, na Wayahudi wangekufa. Naye Nehemia, mutumishi wa kikombe cha mufalme, alifanya jambo la tatu: aliomba ruhusa, akataja wakati wa kurudi, akaomba hata barua za njia na za mbao (Nehemia 2). Wale wanaosema imani ya kweli haiombi konje wasome sura hiyo.

Katika historia ya inchi yetu kuna mutu aliyeacha kazi juu yetu, ingawa wengi hatumujui. Edmund Dene Morel alikuwa karani wa kompanyi ya meli ya Liverpool, Elder Dempster, iliyobeba vitu kati ya Antwerp na Boma wakati wa Leopold II. Alijua Kifaransa, kwa hiyo kompanyi ilimutuma Antwerp mara nyingi. Pale bandarini aliona meli zinafika toka Kongo zikijaa mupira na pembe za tembo. Lakini zikirudi Kongo, hazikubeba vitu vya kuwalipa watu. Sehemu kubwa ilikuwa askari, bunduki na risasi. Karani anajua hesabu. Kama mali inatoka na malipo hayaingii, basi wale wanaoitoa hawalipwi, na kama hawalipwi lakini wanaendelea kutoa, kuna mutu anayewasimamia na bunduki. Hakuona maono yoyote. Alisoma vitabu vya hesabu. Mwaka 1901 aliacha kazi ile, na mwaka 1904 akaanzisha chama cha kutetea watu wa Kongo pamoja na Roger Casement. Mwaka 1908 Leopold alilazimishwa kuiachia serikali ya Ubelgiji Kongo aliyoishika kama shamba lake. Mateso hayakuishia pale, wazazi wetu walituambia ya kutosha. Lakini ule unyanganyi wa mutu mumoja uliondoshwa.

Tuangalie vizuri kwa nini alitoka. Kama hangekuwa karani, hangeona kitu. Na kama angebaki karani, hangeweza kusema, kwa sababu mukate wake ulitoka kwa wale wale waliofaidika. Hiyo ni sababu ya kweli ya kuacha kazi: wakati kazi inakufunga kinywa juu ya jambo ambalo kazi hiyohiyo ilikufungua macho ulione. Kinyume cha hayo, zamani zaidi huko Uingereza, mwaka 1785, mubunge kijana William Wilberforce aliguswa na Neno, akawaza kuacha Bunge. Alienda kwa siri kuomba shauri kwa muchungaji John Newton, aliyekuwa zamani kapiteni wa meli za watumwa, na Newton alimushauri abaki pale alipo. Alibaki, na mwaka 1807 Bunge lilikataza biashara ya watumwa. (Newton mwenyewe aliacha bahari mwaka 1754 juu ya ugonjwa, si juu ya zamiri. Zamiri ilimufikia nyuma.)

Basi kuacha kunaweza kuwa kwema na kubaki kunaweza kuwa kwema. Hatari tunayoiona katika makanisa yetu iko mahali pengine, na hapa tunawaomba wapendwa wasome polepole.

Kuna inchi ambako mushahara wa mutu ni wake, pamoja na muke wake na watoto wake wawili. Kwetu si hivyo. Mushahara mumoja wa mwalimu ni feza za masomo za watoto wa marehemu kaka yake. Ni dawa ya sukari ya mama yake. Ni chumba cha kupanga cha dada aliyeachwa na bwana. Ni sanduku la mufu wakati wa kilio. Watu 12, watu 15 wanakula juu ya jina lake. Sasa mutu huyu anasimama siku ya Mungu mbele ya kanisa, anasema: «Nimemupa Bwana yote, nimeacha kazi.» Wamama wanapiga vigelegele. Lakini ametoa nini? Ametoa dawa ya mama yake. Ametoa madaftari ya watoto wa kaka yake. Hao hawakuulizwa, na wakati wa vigelegele hawakuitwa mbele.

Bwana wetu alisema wazi juu ya jambo hilo katika Marko 7. Kulikuwa watu waliotangaza mali yao kuwa Korbani, ni kusema toleo kwa Mungu, na kisha baba na mama wakija kuomba musaada waliambiwa kwamba kile kilichoweza kuwasaidia kimekwisha kutolewa. Yesu hakuwasifu kwa ukarimu wao. Aliwaambia kwamba wanavunja amri ya Mungu kwa desturi yao. Na Paulo anamuandikia Timoteo kwamba mutu asiyetunza watu wa nyumba yake ameikana imani (1 Timoteo 5:8). Neno hilo ni gumu, na hatuna ruhusa ya kulilainisha.

Mutu atatujibu: na Petro je, hakuacha nyavu zake? Aliacha. Lakini Marko, anayeandika kwa ufupi sana, alichukua nafasi ya kutuambia kwamba Yakobo na Yoane walimuacha baba yao Zebedayo katika chombo pamoja na watu wa mushahara (Marko 1:20). Kazi ya muzee haikusimama. Na katika sura ileile tunaona Petro aliyeacha nyavu angali na nyumba, na mama-mukwe mugonjwa ndani yake, na Yesu anaingia mule kumuponya. Kumufuata Bwana hakukufuta nyumba ya Petro.

Je, maana yake mwenye jamaa kubwa hawezi kuitwa? Hapana. Maana yake mwito wake upite kwanza juu ya mukeka wa jamaa. Haendi kuomba ruhusa ya kumutii Mungu. Anaenda kwa sababu kile anachotaka kutoa ni chao pia. Na pale atajifunza mambo. Mujomba atapiga kelele nyingi, na labda anachokililia ni bia yake ya kila mwisho wa mwezi. Kilio chake hakina uzito mumoja na kilio cha mama anayeogopa kukosa dawa. Mutu mwenye akili atavitenga vilio hivyo viwili. Lakini pengine dada yake mudogo, yule anayeuza samaki na ambaye hakuna aliyemutegemea, atasema: «Kaka, wale watoto wawili wa marehemu nitawachukua mimi.» Siku hiyo kitu kimetolewa kweli, na waliotoa ni wengi. Wakati mwingine jibu litakuwa: ungoje. Ungoje miaka mitatu, mupaka mutoto wa kwanza apate diploma. Kungoja huko si ukosefu wa imani. Ni mutu anayelipa deni la kwanza mbele ya kuchukua la pili.

Morel naye alikuwa na muke na watoto. Nani aliwalisha? Marafiki wenye feza walimusaidia, na mumoja kati yao alikuwa William Cadbury wa kompanyi ya chokoleti. Kompanyi hiyohiyo ilinunua kakao ya São Tomé, ambako watu wa Angola walifungwa kazini kama watumwa, mupaka ilipoacha kuinunua mwaka 1909. Hatutaji jambo hili juu ya kumuchafua Morel. Mutu aliyeacha mushahara anaendelea kula, na ugali wake unatoka mahali fulani. Aulize ni wapi.

Sasa tuje kwa yule aliyeuzwa mwenyewe, maana mara nyingi tunazungumuza juu ya sadaka ya musaidizi mupaka tunamusahau aliyesaidiwa.

Anarudi na mufuko mumoja. Jamaa ilikuwa inangoja masanduku. Deni la safari halijalipwa, na riba inapanda kila mwezi. Anaulizwa: feza iko wapi? Majirani wanasema amekuja na pepo wa kule. Usiku hapati usingizi. Akisikia mulango unafungwa kwa ufunguo anatetemeka. Hataki kusema, na siku atakapoanza kusema, mambo yake hayatafuatana, na wasikilizaji watasema anadanganya. Tumuombee, ndiyo, na tumufikishe pia kwa muganga. Jambo moja halifukuzi lingine. Na tusishangae kama anataka kurudi kulekule. Deni liko hapa, aibu iko hapa, na mutu wa ajansi anapita bado katika barabara ileile akimusalimia mama yake.

Mutu kama huyo hahitaji musaidizi wa juma moja. Huko Bukavu, mwaka 2011, ilifunguliwa nyumba inayoitwa Cité de la Joie, Muji wa Furaha, juu ya wanawake waliopona jeuri ya vita. Kiongozi wake, mama Christine Schuler Deschryver, alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika shirika la musaada la Ujerumani. Ilipangwa kupokea wanawake 90 kwa mara moja, na kila kundi likae miezi 6. Miezi 6 ya kula pamoja, kulala bila woga, kujifunza kusoma na kulima, na kuzungumuza polepole. Anayetaka kuacha kazi ajipime kwa muda kama huo.

Tunahubiri sana juu ya Musamaria mwema (Luka 10). Lakini tusome tena: Musamaria hakuacha safari yake. Alisimama, akafunga vidonda, akamupandisha yule mutu juu ya punda wake, akamutunza usiku ule. Asubuhi alitoa dinari 2, akaendelea na njia yake, akiahidi kulipa kitakachozidi wakati atakaporudi. Aliyebaki ni mwenye nyumba ya wageni. Huyo hatumuhubiri hata siku moja. Hana jina, hana sifa, na mugonjwa aliletwa mulangoni kwake bila yeye kuchagua. Lakini tuwaze: nani alibadilisha vitambaa vya vidonda siku ya tatu, wakati vilianza kunuka? Nani alisikia kelele za usiku? Kama zile dinari zilikwisha na Musamaria hajaonekana njiani, nani alipaswa kuamua kama mugonjwa atakula?

Kwa hiyo yule muhasibu wa banki anapotuuliza, tunamugeuzia ulizo: unaitwa kuwa nani kati ya hao wawili? Kuna watu tunaowajua kwa tabia yao; ni wazuri katika kusimama njiani, kutoa, kupiga telefoni kwa mutu wa ubalozi, kuandika barua ya maana kwa hakimu. Wakikaa muezi mumoja na mugonjwa yuleyule wanaanza kukasirika. Hao tunawaomba kabisa wabaki na mushahara wao, kwa sababu bila dinari 2 nyumba ya wageni itafungwa. Wengine ni watu wa kukaa. Wanaweza kusikia hadisi moja mara ishirini. Kama mwenye kukaa yuko kazini toka saa moja asubuhi mupaka jioni, na jamaa yake imetengenezewa njia, huyo aache, na kanisa limusaidie.

Kuna jambo lingine ambalo ni la kwetu hasa. Tunapenda ushuhuda. Ushuhuda ni kitu kizuri, na wengi waliamini kwa kusikia ushuhuda. Lakini mutu aliyeacha kazi ana kishawishi kikubwa: anataka watu waone matunda ya sadaka yake. Basi anamusimamisha musichana mbele ya mikrofoni. Musichana anataja majina, mahali, mambo ya usiku. Wamama wanalia, kikapu kinajaa. Kesho yake kata yote inajua, na vijana wanamucheka kwenye bomba la maji. Mara ya kwanza aliuzwa na ajansi. Mara ya pili aliuzwa na nani? Paulo, alipomurudisha Onesimo, alikuwa mufungwa asiye na mushahara. Aliandika kwa mukono wake kwamba deni la Onesimo liwekwe juu yake yeye Paulo (Filemoni 18-19). Hakumuomba Onesimo asimame kusimulia.

Na hata bila mikrofoni, kuna neno dogo linaloweza kuharibu kazi yote. Siku musichana anakosa kutii, anatoka usiku, anakataa kazi ya kushona aliyotafutiwa, musaidizi anasema: «Mimi niliacha kazi yangu juu yako!» Yule musichana anajua neno hilo. Alilisikia kule alikotoka, kwa luga nyingine: nimekulipia safari, una deni langu. Mutu aliyetolewa utumwani akikumbushwa kila siku bei ya kutolewa kwake, amepata bwana mupya mwenye sura nzuri zaidi. Hapa tunaona kwa nini tulichukua muda mrefu juu ya mukate. Mutu aliyetoa mukate ambao haukuwa wake atadai malipo. Hawezi kudai kwa mama yake aliyemunyima dawa, basi atadai kwa musichana. Lakini aliyetoa kilicho chake, kwa mapatano na watu wake, anaweza kumuacha musichana aende zake bila kusema asante, na usiku akalala usingizi.

Wapendwa wanajua jina la muganga Denis Mukwege, mwana wa muchungaji wa Bukavu. Alienda Angers huko Ufaransa kusomea magonjwa ya wanawake, na angeweza kubaki pale na kazi nzuri. Mwaka 1989 alirudi Lemera. Mwaka 1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa na watumishi wakauawa. Mwaka 1999 alifungua hospitali ya Panzi akiwaza juu ya wamama wanaozaa, lakini wa kwanza kufika alikuwa mwanamuke aliyebakwa. Kati ya maelfu waliomufuata wako wale waliofungwa porini miezi na miezi kama watumwa wa watu wenye silaha. Hiyo pia ni biashara ya watu, ingawa haina ndege. Mwaka 2018 alipewa tuzo la Nobel la amani pamoja na Nadia Murad, dada wa Irak aliyetekwa na kuuzwa mwaka 2014. Mukwege hakuacha kazi. Aliibeba ileile, kisu kilekile cha muganga, akaipeleka mahali pengine.

Lakini kisa chake tunachokipenda zaidi ni kidogo. Mwezi wa Oktoba 2012 watu wenye silaha waliingia nyumbani kwake, mulinzi wake akauawa, na yeye akakimbilia Ulaya pamoja na jamaa yake. Wanawake wa kisiwa cha Idjwi waliandika barua kwa wakubwa wakiomba arudi. Majibu hayakuja. Basi walianza kuuza mananasi na vitunguu juu ya kutafuta feza za tiketi yake, wanawake ambao kwa siku hawapati hata dolari moja, na wakasema watakuja wenyewe kwa zamu kumulinda usiku. Alirudi tarehe 14 Januari 2013. Tuone nani alikuwa mutoaji pale, na nani mupokeaji. Wale wanawake hawakujihesabu kuwa wadeni wake.

Mwenye kusikia mwito wa kuacha kazi juu ya watu waliouzwa, aje kwa wazee wa parokia yake pamoja na muke wake ao bwana wake, na mama yake kama angali hai, na karatasi moja. Juu ya karatasi aandike majina ya wote wanaokula juu ya mushahara huo, wakubwa na wadogo, na mutoto anayelala jikoni asisahauliwe. Tutaisoma pamoja, jina kwa jina, kisha tutaomba.